Shahada ya Uzamivu katika Uhandisi wa Umeme na Sayansi ya Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wahitimu wa Tanga

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wahitimu wa uhandisi wa umeme, mawasiliano na kompyuta walioko Tanga mjini na wilayani, wakiwemo walimu wa shule za ufundi, mafundi sanifu wa umeme na watu wa TEHAMA wa bandarini na kwenye mabenki. Maswali yameachwa karibu na maneno ya waulizaji wenyewe. Mengine yamejibiwa kwa sentensi chache kwa sababu jambo lenyewe ni jepesi, na mengine kwa urefu kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama.

Shahada hii ni ya nini hasa, na kwa nini umeme na kompyuta hutajwa pamoja?

Katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, uzamili ni ngazi ya 9, na uzamivu ni ngazi ya 10, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Tofauti yake na ngazi za chini haimo katika wingi wa masomo. Mwanafunzi wa uzamivu anatakiwa aongeze katika fani yake jambo ambalo halikuwa likijulikana, aliandike, kisha alitetee mbele ya watu wanaolijua eneo hilo kuliko watu wengine wote.

Kuhusu umeme na kompyuta kuwekwa chini ya dari moja, chanzo chake ni cha kitaaluma. Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa uzamili katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliandika tasnifu iliyoonyesha kwamba saketi za rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) na swichi zinaweza kuchambuliwa na kusanifiwa kwa aljebra ya Boole, yenye thamani mbili tu, kweli na si kweli. Kuanzia hapo ikawa vigumu kusema mahali ambapo saketi inaishia na hesabu inaanzia. MIT na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ziliunganisha fani hizi mbili katika idara moja miaka ya 1970. Hapa kwetu bado zimetenganishwa: katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi wa umeme uko katika ndaki ya uhandisi huko Mlimani, ilhali kompyuta na mawasiliano viko katika ndaki ya TEHAMA huko Kijitonyama. Mwombaji aangalie pande zote mbili, kwa kuwa msimamizi anayemfaa anaweza kuwa katika idara ambayo jina lake halifanani na la shahada yake ya kwanza.

Nina shahada ya kwanza tu. Je, ninaweza kuomba uzamivu moja kwa moja?

Tanzania na sehemu kubwa ya Ulaya hutaka uzamili kwanza. Idara nyingi za Marekani humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja katika programu ya uzamivu, naye huipata shahada ya uzamili akiwa njiani.

GPA yangu ni 3.2. Je, nimekwisha kujifungia mlango?

Hapana, ila mlango huo hautafunguliwa na barua ya kuomba huruma. GPA hiyo ni daraja la pili la chini, na vyuo vingi vitakutaka uoneshe kwa njia nyingine kwamba unaweza kufanya utafiti. Njia yenye nguvu kuliko zote ni shahada ya uzamili yenye tasnifu nzuri, na hasa tasnifu iliyozaa makala iliyochapishwa au mfumo unaofanya kazi na ambao mtu mwingine anaweza kuujaribu. Kamati za udahili zinapoona kwamba mtu aliyepata alama za wastani akiwa na miaka ishirini na miwili ameandika kazi makini akiwa na miaka ishirini na minane, huitazama hiyo kazi. Barua za wasomi waliokusimamia nazo zina uzito mkubwa, mradi mwandishi awe anaweza kueleza ulichokifanya kwa mikono yako. Barua inayosema tu kwamba ulikuwa na nidhamu na ulihudhuria vipindi haikusaidii.

Huchukua muda gani?

Kwa wanaosoma muda wote, hapa nchini programu hupangwa kwa miaka mitatu hadi minne, ingawa si wachache wanaovuka hapo. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, na Marekani ni mitano hadi sita. Sweden ni miaka minne ya masomo kamili, lakini mwanafunzi ni mwajiriwa wa chuo na anaweza kupewa ufundishaji usiozidi asilimia 20 ya muda wake, kwa hiyo jumla hufika kama miaka mitano.

Swali la utafiti hutoka wapi? Tanga kuna jambo gani la kufikia kiwango hicho?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu waombaji wengi hulianza jambo kwa kinyume. Huanza kwa kuchagua nchi, kisha chuo chenye jina, kisha ufadhili, na mwisho kabisa, usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya maombi, hutafuta mada ya kujaza kwenye fomu. Mada iliyopatikana hivyo husomeka kama tangazo: matumizi ya akili mnemba katika maendeleo ya Afrika. Hakuna profesa anayeweza kuisimamia, kwa kuwa haina kitu cha kupima. Ninaamini kwa dhati kwamba swali ndilo linalopaswa kutangulia, na kwamba mtu wa Tanga ana maswali mengi karibu naye kuliko anavyodhani.

Tuanze na umeme wenyewe. Mto Pangani una mitambo ya kufua umeme ya Nyumba ya Mungu yenye megawati 8, Hale yenye megawati 21 iliyoanza mwaka 1964, na New Pangani Falls yenye megawati 68. Mitambo hii inashea maji na wakulima, wafugaji na miji ya bonde zima. Namna ya kukadiria maji yatakayofika, na kuamua saa ipi yapitishwe kwenye mitambo na saa ipi yahifadhiwe, ni tatizo la uboreshaji chini ya mashaka, yaani kutafuta uamuzi bora zaidi bila kujua yajayo kwa hakika, na linatumia hesabu ileile inayofundishwa katika vyuo vikubwa vya dunia.

Tushuke pwani. Chumvi ya bahari hutua juu ya vikombe vya nguzo za umeme, yaani vihami vinavyotenganisha waya na nguzo, na umande wa alfajiri unapoilowesha, tabaka hilo huanza kupitisha mkondo, na hatimaye cheche hukiruka kikombe na laini kukatika. Fundi wa zamu anaujua ugonjwa huu kwa macho. Jambo ambalo mtafiti anaweza kulifanya ni kutengeneza kitambuzi cha bei nafuu kinachopima mkondo unaovuja, na modeli inayosema ni vikombe vipi vioshwe kabla ya laini kukatika. Hapo umeme, takwimu na programu vinakutana katika tasnifu moja.

Kule Chongoleani linaishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mafuta yale yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo inabidi yatunzwe katika nyuzijoto 50 au zaidi, na bomba limewekewa mfumo wa kulipasha joto kwa umeme. Kufuatilia hali ya mfumo mrefu namna hiyo, kutambua hitilafu ilipo na kuendelea kuupatia nishati ya uhakika, kuna maswali ya uhandisi wa udhibiti ambayo mhandisi kijana wa hapa ana sababu zote za kuyachukua.

Kwa upande wa kompyuta, lugha peke yake inatosha. Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, na programu zilizojengwa kwa kuzoea lugha zenye maneno mafupi hukikatakata vibaya. Kibondei, Kisambaa, Kidigo na Kizigua vina maandishi machache sana ya kidijitali. Mtandao wa watafiti wa Masakhane, ulioanza mwaka 2019, umeonyesha kwamba utafiti wa lugha za Kiafrika unaweza kufanywa na Waafrika wenyewe na kusomwa kote. Anayejua Kisambaa cha nyumbani kwao na pia anajua hesabu ya mitandao ya neva, yaani modeli za kompyuta zinazojifunza kutokana na data, ana kitu ambacho maabara yenye kompyuta ghali haiwezi kukinunua.

Hata hivyo, tatizo la mahali si swali la utafiti hadi lijibiwe hivi: ni nini ambacho hakijulikani bado, hata kwa aliyesoma makala zote? Kuweka mita ya kisasa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa ni mradi mzuri, lakini si uzamivu. Kuthibitisha njia mpya ya kugawa umeme wa jua kati ya tangi la kupoza maziwa na kijiji, ukionyesha kwa nini njia zilizopo zinashindwa na yako inashinda kwa kiasi gani, huo unaweza kuwa uzamivu.

Nisome Tanzania au nje ya nchi?

Ukishakuwa na swali, jibu hujitokeza lenyewe mara nyingi. Swali linalohitaji kutengeneza vipande vidogo vya semikondakta litakupeleka nje, kwa kuwa vyumba safi vya kutengenezea vipande hivyo ni ghali mno. Swali linalohitaji kukaa na gridi yetu, wakulima wetu au wasemaji wa lugha zetu lina faida likifanyiwa hapa. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ilianzishwa mahususi kwa ajili ya uzamili na uzamivu katika sayansi na teknolojia, na ina shule ya sayansi ya kompyuta na mawasiliano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma navyo hutoa uzamivu katika fani hizi.

Kusoma nje kuna faida ya kukaa miongoni mwa wenzako wengi wanaofanya kazi inayofanana na yako, na hiyo si faida ndogo, kwa sababu mengi hujifunzwa ukumbini na kwenye chai kuliko darasani. Lakini pima pia masharti. Uingereza, kwa mfano, humtaka mwanafunzi kutoka nchi kama yetu apate kibali cha ATAS, yaani idhini ya serikali ya kusomea teknolojia nyeti, kabla ya kuanza utafiti katika baadhi ya maeneo ya uhandisi na kompyuta. Hakina malipo, ila kinachukua muda. Taratibu za viza hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozini kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi.

Nani atalipa?

Marekani, mwanafunzi wa uzamivu wa fani hizi kwa kawaida hasomi kwa fedha zake: hufanya kazi ya kusaidia utafiti au kufundisha, na chuo humlipia ada na kumpa posho ya kujikimu. Sweden ni ajira kamili, na Ujerumani wengi huajiriwa na chuo au mradi. Kuna pia ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, wa Jumuiya ya Madola kwa Uingereza, na wa Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani, kwa Marekani. Hapa nchini, fedha hutoka zaidi kwa mwajiri, kwenye mradi wa msimamizi au mfukoni mwa mwanafunzi.

Kwa hili nina msimamo mkali: usiuze kiwanja cha familia ili ulipie mwaka wa kwanza wa uzamivu wa nje usio na ufadhili. Mwaka wa pili utafika, na kiwanja hakitakuwepo. Nafasi isiyo na ufadhili katika fani hizi ni dalili kwamba idara hiyo haijakuwekea mkakati. Na yeyote anayekudai pesa ili akushikie nafasi kwa profesa fulani ni tapeli.

Msimamizi hupatikanaje?

Jina la chuo litakaa kwenye cheti, lakini msimamizi ndiye utakayeishi na hukumu zake kwa miaka. Soma kwanza. Chukua makala tatu au nne za hivi karibuni za mtu unayemfikiria, uzisome hadi uweze kueleza kila kielelezo kwa maneno yako, kisha ndipo umwandikie.

Barua iwe fupi. Barua inayosema kwamba wewe ni kijana mwenye bidii kutoka Tanzania na ungependa kufanya utafiti chini ya uongozi wake mahiri itafutwa, kwa kuwa amepokea nyingi zinazofanana nayo. Andika hivi, kwa maana yake: nimesoma makala yenu kuhusu kutambua hitilafu kwenye laini za usambazaji, mmedhania kwamba vipimo hufika kila sekunde, kwenye laini ninayoifahamu, vipimo hufika kwa kukatikakatika, nimejaribu njia yenu kwa data zenye mapengo, na grafu hii inaonyesha mahali inapoanza kukosea, je, mnaona hapa pana swali la kufuatwa? Barua ya namna hiyo hujibiwa na watu wengi, hata wasio na nafasi, na mara nyingine asiye na nafasi humtaja mwenzake mwenye nayo.

Kabla ya kukubali nafasi, waandikie wanafunzi wake wa sasa na waliohitimu. Uliza wamechukua muda gani kumaliza, wanakutana naye mara ngapi, nani huandikwa wa kwanza kwenye makala, na je, kuna walioondoka bila kumaliza na kwa sababu gani. Haya si mambo ya kuonea haya kuuliza. Msimamizi mwema huwaambia mwenyewe wanafunzi wake wakujibu kwa uhuru.

Je, nahitaji hesabu kiasi gani?

Zaidi ya ulizozipata chuoni, karibu katika kila tawi. Aljebra ya matriki, uwezekano na takwimu, na uboreshaji ndizo nguzo. Kwa anayekwenda kwenye nadharia ya algoridhimu, kuandika uthibitisho kuwe kama kuandika barua. Ukiwa na miezi kabla ya maombi, rudia hizo kwanza kuliko kujifunza lugha mpya ya programu.

Naweza kusoma huku nikiendelea na kazi, au nikiwa na familia?

Dada mmoja aliuliza hivi: ana watoto wawili, mume wake ameajiriwa Tanga, na kila anayemshauri humwambia asubiri watoto wakue. Jibu langu ni kwamba asisubiri, ila achague mpango unaoendana na maisha yake. Baadhi ya programu huruhusu kusoma kwa muda usio kamili, na upo ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya pande mbili, unaomruhusu mwanafunzi aliyesajiliwa chuo cha nyumbani kwenda Uingereza kwa muda usiozidi miezi 12. Vyuo pia vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa uzazi au ugonjwa, na kuutumia si aibu. Mazungumzo na mwenza na wazee yafanyike kabla ya barua ya udahili, yakiwa na tarakimu: posho ni kiasi gani, nani atakuwa na watoto, utarudi lini. Kwa mwenye ajira, pata ruhusa ya masomo kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara huhama naye akihamishwa.

Makala nitazipata wapi, na nichapishe wapi?

Makala nyingi za kompyuta na hisabati, na sehemu ya zile za umeme, hupatikana bure kwenye hazina ya arXiv iliyoanza mwaka 1991. Taasisi zetu zilizojiunga na Research4Life hufungua majarida mengi ya kulipia, na mwandishi wa makala, ukimwomba kwa adabu, hukutumia nakala.

Kuhusu kuchapisha kuna mgongano unaopaswa kuujua mapema. Katika sayansi ya kompyuta, kazi bora nyingi hutoka kwanza kwenye makongamano yenye ushindani mkali, kama NeurIPS na ICML kwa ujifunzaji wa mashine au SIGCOMM kwa mitandao. Wasanifu wa saketi huitazama ISSCC, kongamano la saketi za semikondakta. Uhandisi wa mifumo ya umeme huegemea zaidi majarida, mengi yakiwa ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki. Hapa nchini, masharti ya kuhitimu na kupanda vyeo huangalia majarida. Kaa na msimamizi tangu mwaka wa kwanza mkubaliane ni makala ipi iende wapi.

Jihadhari na jarida linalokuandikia lenyewe likisifu kazi yako, likiahidi kuichapisha ndani ya wiki moja kwa malipo. Hakuna mtaalamu aliyeisoma. Makala hiyo itakufuata kwenye wasifu wako kwa miaka, na huwezi kuichapisha tena mahali pa heshima.

Nikitaka kukusanya data Tanga, nahitaji vibali gani?

Mtafiti anayetoka taasisi ya nje huomba kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Mwanafunzi wa chuo cha ndani hupata barua ya chuo chake, anayoipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Usiruke hatua hata kama unafahamika mtaani. Utafiti unaogusa afya unahitaji pia idhini ya kimaadili. Sauti, picha na matumizi ya umeme ya kaya ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu. Anayetoa sauti yake kwa Kidigo aelezwe, kwa lugha anayoielewa, sauti hiyo itakaa wapi na nani ataitumia.

Utetezi wa tasnifu unakuwaje?

Hutofautiana. Uingereza ni mazungumzo ya faragha na mtahini wa ndani na wa nje. Hapa kwetu huwa mbele ya jopo, baada ya watahini kuisoma tasnifu na kutoa ripoti. Maswali magumu zaidi huhusu sura ya mbinu: kwa nini ulipima hivi na si vile, na ni nini kingekufanya ukubali kwamba umekosea. Kuagizwa marekebisho ni jambo la kawaida kabisa.

Nikihitimu nje, shahada itatambuliwa nyumbani?

Tuzo ya nje hupelekwa TCU ili itambuliwe. Angalia hadhi ya chuo hicho kabla hujajiunga. Uzamivu hauchukui nafasi ya usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayetaka kufanya kazi kama mhandisi mtaalamu bado anatakiwa kusajiliwa.

Waliotoa data nina wajibu gani kwao baada ya kuhitimu?

Wajibu huo upangwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Andika muhtasari wa Kiswahili wa kurasa tatu au nne, usio na milinganyo, na uupeleke mwenyewe kwa ofisi ya umeme iliyokufungulia kumbukumbu zake, kwa kituo cha maziwa, au kwa serikali ya mtaa. Data zisizo na taarifa binafsi ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi mwingine anaweza kuzipakua, pamoja na maelezo ya vipimo vilivyochukuliwa, kifaa kilichotumika na tarehe zake. Na kama ulitengeneza kitambuzi, mwachie fundi wa zamu kimoja kinachofanya kazi, na michoro yake.